Jirani kafanyiwa unyama na mteja, anaogopa polisi, tufanyeje?

mamaSwaleh
Salaam jamani. Nina jirani hapa Mtwapa, kazi yake kila mtu anaijua, usiku husimama nje ya klabu. Jana kachukuliwa na mwenye gari, bei wakaelewana, kufika huko kumbe wanaume ni watatu. Wamembaka, wamemnyang'anya simu wakamtupa barabarani. Karudi alfajiri na kiatu kimoja, shavu limefura. Namwambia twende stesheni anasema ataishia kushikwa yeye, siku zile alipigwa akaenda kuripoti, askari wakamcheka ati "wewe nani akubake". Sasa hivi ameshika beseni anataka kufua nguo za jana. Ana haki yoyote ama ndio basi?

nesi_wa_zamu
Mama, mnyang'anye hilo beseni! Asifue, asioge. Nguo zitie kwenye karatasi, nailoni hapana, zitaoza na ushahidi upotee. Hospitali ndio kwanza, polisi baadaye, PEP, dawa ya kuzuia HIV, lazima aanze kabla ya masaa 72 na kila saa ikipita inapungua nguvu. Ya kuzuia mimba mwisho masaa 120. Wasikudanganye ati lete OB, ile namba ya kitabu cha matukio cha polisi, kwanza ndio atibiwe. Waambie wajaze fomu ya PRC, ile ya hospitali ya aliyebakwa.

Kifaru254
Mimi sina roho mbaya lakini kazi ya usiku ina hatari zake na anazijua. Pesa si alikubali mwenyewe??

wakili_mtaani
Kifaru, huyo dada alikubali mtu mmoja, hao wengine wawili alikubaliana nao wapi? Na hata huyo mmoja, kulipa si kununua ruhusa ya kumpiga mtu. Sheria ya makosa ya ngono ya Kenya ya 2006 haijaandika popote kwamba anayeuza mwili habakiki. Penal Code nayo inashika anayeishi kwa mapato ya ukahaba, kuuza kwenyewe haijakutaja kama kosa, kinachowasumbua kina dada sana ni by-laws za kaunti za kuzurura. Kwa hivyo stesheni aeleze kilichomfanyikia, maswali ya kazi asiyajibu, OB namba aondoke nayo na P3, fomu ya polisi ya daktari kujaza majeraha, ni bure. Na ujue Gary Ridgway kule Marekani alikiri kuua wanawake 48 mwaka 2003, akasema aliwachagua makahaba kwa vile alijua hawatatafutwa mapema. Desemba 17, siku ya kupinga ukatili kwa wanaouza ngono, ilianza kwa kuwakumbuka hao. Maneno kama yako ndiyo yanayowapa kina Ridgway nafasi.

shosti_wa_pwani
Mimi niko kwa hiyo kazi. Polisi usiende peke yako, nenda na paralegal, msaidizi wa mambo ya sheria, waulize KESWA, muungano wa wanaofanya kazi hii Kenya, wakuunganishe na kundi la huku kwetu, mkiwa wawili wale askari hushika adabu kidogo. Na akipona mwambie asipande gari kabla mwenzake hajapiga picha namba plate, mteja aone kabisa inapigwa. Wengine hapo hapo hughairi safari, ujue walikuwa na lao.

mamaSwaleh
Asanteni. Nguo nimezitia kwenye pakiti za unga, tuko kwa tuktuk twaenda hospitali. Gari yenyewe namba hakushika ila bawabu wa klabu amjua huyo mtu. Mwenye paralegal wa Kilifi ama Mombasa aniandikie inbox, tukitoka kwa daktari tupitie stesheni leo leo.