Mjadala: Setilaiti zinatosha kulinda wanyama wa bahari za mbali?

Mleta mada: Wakuu, kuna kauli inanikera kila nikisoma habari za hifadhi za bahari za mbali: eti setilaiti "inalinda" nyangumi. Hailindi, inapiga picha. Hoja yangu ni kwamba hela ya meli za doria na watafiti ikihamishiwa kununua picha, imepotea njia. Chukueni setilaiti ya WorldView-3, iliyorushwa 2014. Nukta moja ya picha yake inafunika kama sentimita 31 za bahari. Nyangumi wa mita 14 anakuwa nukta 45 hivi kwa urefu, kidoa cha kijivu, na hapo ni akiwa juu ya maji. Akizama, hayupo. Wingu likipita, hayupo. Wimbi likipasuka jeupe, nalo ukilitazama vibaya ni nyangumi.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Twende kwenye barafu. Pengwini kaisari huzaliana Antaktika katikati ya majira ya baridi, juu ya bahari iliyoganda. Meli gani itapenya huko? Watafiti wa British Antarctic Survey (taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika) na wenzao waliwatambua kwenye picha za setilaiti kwa doa la kinyesi, kahawia kwenye weupe mtupu, na mwaka 2012 wakachapisha hesabu ya dunia nzima: makundi 46, ndege wapatao 595,000. Mwishoni mwa 2022, Bahari ya Bellingshausen hukohuko Antaktika, barafu ilivunjika kabla vifaranga hawajaota manyoya yasiyopitisha maji. Kati ya makundi matano ya eneo lile, manne yaelekea yalipoteza vifaranga wote. Picha ndizo zilizotuambia. Meli yako ingefika baadaye na kukuta maji tu.

Mleta mada: Hapo umenibana, nakubali. Ila usiishie kwenye doa. Visiwa vya Danger, karibu na Rasi ya Antaktika: picha za setilaiti za Landsat zilionyesha madoa, halafu Desemba 2015 watu wakaenda. Wakahesabu kwa macho na kwa droni, wakapata jozi 751,527 za pengwini wa Adélie. Doa liliwaita, lakini namba hiyo imetoka kwa watu waliokanyaga kinyesi chenyewe.

Mchangiaji wa pili: Mnabishania kuhesabu wakati kinachoua ni nyavu na ndoana. Hifadhi ya Bahari ya Ross, Antaktika, ina kilomita za mraba milioni 1.55. Niambieni mtaweka meli ngapi za doria. Rada ya setilaiti inaona chombo usiku na chini ya mawingu, hata kama nahodha kazima kifaa cha kutangaza mahali alipo. Utafiti wa 2024 wa Global Fishing Watch (shirika linalofuatilia uvuvi kwa setilaiti) na wenzao ulikuta takriban robo tatu ya vyombo vya uvuvi wa viwandani duniani havionekani kwenye mifumo ya wazi ya kufuatilia. (Wafaransa walifika mbali zaidi: waliwavisha albatrosi, ndege wa baharini, vifaa vya kunasa mawimbi ya rada za meli, ndege akapita juu ya meli na kuichongea. Zaidi ya theluthi ya meli walizozikuta bahari kuu zilikuwa kimya, hazitangazi mahali zilipo.)

Mchangiaji wa kwanza: Hao albatrosi walipwe posho.

Mleta mada: Sawa, umeiona meli. Nani anaifuata? Ndio maana nasisitiza bajeti. Halafu kumbukeni ghuba ya Golfo de Penas, kusini mwa Chile, 2015. Nyangumi sei wasiopungua 343 walikufa na kutupwa ufukweni. Walioanza kuwagundua ni wanasayansi waliokuwa huko kwa chombo, kisha wakapita na ndege. Picha za setilaiti za mwaka uleule zilikuwapo kwenye hifadhi ya kumbukumbu, na uchambuzi wake ulichapishwa 2019.

Mchangiaji wa pili: Basi kosa ni la macho, si la kamera. Picha zilikuwapo, mtu wa kuzitazama hakuwapo. Lipeni watu wakae na hizo picha kila wiki.

Mleta mada: Wakae kila wiki, sipingi. Nitakachopinga ni mshahara wao kukatwa kwenye mafuta ya meli. Ukiniletea bajeti yenye vyote viwili, nafuta mada.