Gumzo la Familia, Shela ya Malindi: Ile Sayari ya Buluu

Salma: Assalamu alaikum. Ami Fadhil, ile picha ya sayari yenye mvua ya vioo ni ya kweli?

Ami Fadhil: Wa alaikum salaam mwanangu. Imechorwa. HD 189733 b iko miaka ya nuru karibu 65, na hakuna aliyewahi kuipiga picha. Rangi ndiyo imepimwa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba darubini ya angani Hubble iliona mwanga wa buluu ukipungua sayari ilipojificha nyuma ya nyota yake, wa kijani na mwekundu haukupungua.

Salma: Kumbe ina bahari!

Ami Fadhil: La. Joto linapita nyuzi 900 za Selsiasi, na ni gesi tupu, kubwa kidogo kuliko Mshtarii. Buluu inadhaniwa kutoka kwenye ukungu wa chembe za silika, ile inayotengenezewa vioo. Upepo nao umepimwa, zaidi ya kilomita 8,000 kwa saa. Ukiunganisha silika na upepo huo unapata vioo vinavyoruka kiubavu, lakini hayo ni makisio.

Da Zuhura: Na 2024 darubini ya angani James Webb ikakuta huko haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza 😷

Athmani: Tutaiona kutoka darini?

Da Zuhura: Sayari huioni. Utakachopima ni nyota kufifia asilimia 2.4 sayari ikipita mbele yake, kwa saa 1 na dakika 50 hivi. Darubini ya inchi 5 yenye kamera inatosha. Tafuta M27, wingu la gesi lililo kati ya nyota, kwenye anga ya kaskazini, nyuzi 64 juu ya upeo linapofika juu kabisa. Nyota yetu iko ubavuni mwake.

Da Zuhura: Anza saa nzima kabla, maliza saa nzima baada, la sivyo hutakuwa na mwanga wa kawaida wa kulinganishia. Fokasi ilegeze kidogo, nyota itawanyike. Ikiwa kali, nukta chache za kamera zinajaa na kipimo kinadanganya. Na pima na nyota jirani kwenye picha hiyo hiyo, maana wingu jembamba la kusi hufifisha zote mbili.

Shangazi Mwanaidi: Usiku gani lakini?

Ami Fadhil: Inazunguka kwa siku 2, saa 5 na dakika 15, kwa hiyo mara nyingi inapita mchana. Hesabu mizunguko 9: ni siku 20 kasoro dakika 47. Ukiipata saa nne kamili usiku, baada ya siku 20 itakuja saa tatu na dakika 13. Agosti na Septemba ndiyo miezi yake. Januari jua liko upande huo huo.

Shangazi Mwanaidi: Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kutazama anga kwa eksirei, ilirushwa hapo Ngomeni 12 Desemba 1970. Watoto wajue.

Ami Fadhil: Naam! Na eksirei zilisaidia kwa sayari hii pia. Chandra, darubini ya angani ya eksirei, iliona eksirei za nyota zikipungua asilimia 6 hadi 8 sayari ikipita, kwa sababu hewa ya juu ya sayari imetanuka mbali, nayo inazizuia.

Athmani: Nilete nini?

Da Zuhura: Betri iliyojaa na kifuniko cha lenzi. Umande wa hapa una chumvi, usifute kwa kitambaa kikavu, kitakwaruza. Na saa ya kompyuta irekebishe kwa intaneti kabla ya kuanza. Ikikosea dakika 3, muda wa kupita nao utakosea dakika 3.