Dodoso la tabia kabla ya ajira hotelini: litumike au liwekwe kando?

Kaskazi: Sizoni iko mlangoni, hoteli za Malindi na Watamu zitatafuta wahudumu wa vyumba na wa mezani. Je, ni haki kumkata mwombaji kwa alama za dodoso la tabia? Mimi naona lina kazi yake. Mwaka 1991 watafiti Barrick na Mount walijumlisha tafiti nyingi, wakakuta kwamba kati ya sifa tano kuu za haiba, uwajibikaji ndio uliofuatana na ufanisi katika kila aina ya kazi waliyoitazama, uwiano kama 0.22 (0 ni kutofuatana kabisa, 1 ni kufuatana kikamilifu). Afadhali hiyo kuliko intavyu ya "wewe mwana wa nani?"

Mzani: Bwana Kaskazi, tupige hesabu. Sackett na wenzake walipokokotoa upya mwaka 2022, uwajibikaji ulipata 0.19, kazi ya majaribio (mwombaji afanye kipande cha kazi yenyewe) 0.33, na intavyu yenye mpangilio (maswali yale yale kwa wote, vigezo vya alama vimeandikwa kabla) 0.42. Chukua 0.2. Ukiwagawa waombaji nusu kwa nusu kwa alama za dodoso, katika kila 100 wa juu, kama 56 watafanya kazi vizuri kuliko mtu wa kati. Sarafu ingekupa 50. Na katika kila 100 uliowarudisha nyumbani, 44 nao wangefanya vizuri vile vile.

Mpe mtu chumba kimoja: shuka, chandarua, bafu, dakika 30, orodha ya alama 10. Asiyeona nywele kwenye tundu la bafu utamjua hapo hapo.

Mkeka: Mwaongea kana kwamba karatasi yenyewe yasomeka! Tazama sentensi hii: "Sichelewi kazini." Mtu achague 1, sikubali kabisa, hadi 5, nakubali kabisa. Sasa, ukimuuliza mtu "Huchelewi?", mmoja hujibu "Ndiyo", mwingine "La, sichelewi." Wote wawili hawachelewi. Kwenye karatasi, wa kwanza ana 5 na wa pili huenda akatia 1. Na sentensi za kukanusha huwekwa makusudi, kumnasa anayekubali kila kitu. Ukiziondoa, bwana ndiyo-ndiyo anapanda juu. Laajaj na wenzake (2019) walitazama data za nchi 23 za kipato cha chini na cha kati: maswali haya yakiulizwa ana kwa ana, mara nyingi hayakupima sifa yaliyokusudiwa kupima.

Halafu kuna "Napenda macho ya watu yawe kwangu." Binti aliyelelewa kwa haya za huku atatia 1, na mezani ndiye wageni wanayemuulizia.

Kaskazi: Basi tusiazime namba za watu. Hoteli ijipimie: dodoso sasa, alama za kazi mwisho wa Machi, kisha uwiano.

Mzani: Kwa wafanyakazi 24? Hata ukipata 0.2, ukweli waweza kuwa popote kati ya −0.22 na 0.56. Wanatakiwa karibu 200, yaani hoteli kadhaa ziungane. Wasimamizi wawili watoe alama kila mmoja peke yake, bila kuliona dodoso. Supavaiza aliyeliona atakuta alichokitarajia. Ongeza kinachohesabika: vyumba kwa zamu, na katika kila 100, vingapi vilirudiwa. Jikoni isichanganywe na vyumba. La muhimu zaidi, majibu yafungiwe kabatini mpaka Machi. Ukishawachuja watu nayo, unabaki na wenye alama za juu watupu, uwiano unasinyaa, na wale uliowakataa hutajua kamwe wangefanyaje.

Kaskazi: Mwenye hoteli atauliza kwa nini alipie karatasi ya kufungia kabatini. Tuwape walioajiriwa tayari, jibu lipatikane wiki hii.

Mkeka: Aliye na kandarasi mfukoni hujibu alivyo. Mwombaji hujibu anavyodhani unamtaka awe. Ukipima kwa wa kwanza ukaajiri kwa wa pili, umepima kitu kingine. Hao walioko kazini watumieni kwa jambo moja: wasomewe maswali, waeleze kwa maneno yao walivyoyaelewa. Anzeni na "Sichelewi kazini."