Wakuu, indeksi ya kodi (code ya programu) inachelewa, ejenti wa AI anaita fanksheni zilizokwishafutwa. Mnafanyaje?

FundiWaMfumo:
Habari za leo wakuu, poleni na majukumu. Ofisini tuna repo moja kubwa (hazina ya kodi inayotunzwa na Git) ya mfumo wa malipo ya bili, nusu Python nusu TypeScript, tumeitengenezea indeksi ya kutafutia: mafaili yanakatwa vipande, vipande vinageuzwa embedingi (orodha za namba zinazobeba maana ya kipande), vinakaa kwenye hifadhidata ya Postgres yenye pgvector, kiendelezi cha kutafuta embedingi, ejenti akiulizwa kitu anapita humo kwanza. Inajengwa upya yote kila usiku. Kasheshe ni mchana, mtu akihamisha fanksheni asubuhi ejenti mpaka jioni bado anaiita kule kule ilikokuwa, tena kwa kujiamini kabisa. Tukaanza kuijenga kila saa, bili ya API ya embedingi ikapanda mpaka bosi akaanza kuuliza. Na hapo kila mtu yuko kwenye brenchi yake, yaani tawi lake la kodi. Naombeni ushauri.

kobe_wa_git:
Mkuu kwa nini ujenge yote wakati Git inajua kilichobadilika? Tunza SHA (kitambulisho) ya komiti ya mwisho uliyoindeksi, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git, halafu piga git diff --name-status -M kutoka hiyo mpaka HEAD (komiti uliyopo sasa), utaletewa A (faili limeongezwa), M (limehaririwa), D (limefutwa) na R (limebadilishwa jina). Wengi wanashughulika na A na M basi, D na R wanaziacha, ndo inakotoka hiyo mizimu yako, fanksheni ambazo hazipo tena. Faili likifutwa, futa vipande vyake vyote, likibadilishwa jina toa njia ya zamani la sivyo utakuwa na nakala mbili na ejenti ataokota ile mbovu. Iendeshe kwenye hook za Git (skripti zinazojiendesha zenyewe): post-commit, post-merge, post-checkout, na post-rewrite kwa ajili ya wanaorebase, yaani wanaopanga upya komiti zao. Ukiiweka kwenye CI (seva inayojenga na kupima kodi yenyewe) angalia isiwe kloni fupi, yaani nakala isiyo na historia yote, maana komiti ya zamani haitakuwepo na diff itagoma.

Mama Backend:
Kobe kaongea vizuri ila bili haijaisha hapo. Kaka, funguo ya embedingi isiwe njia ya faili, iwe hashi (alama fupi inayokokotolewa) ya maandishi ya kipande chenyewe pamoja na jina la modeli. Hashi ikiwepo tayari, API huigusi. Hapo brenchi zote zinachangia embedingi zile zile, na brenchi yenyewe inabaki kuwa orodha tu ya njia na hashi (git ls-tree -r inakupa hashi za mafaili bure kabisa). Cursor (kihariri cha kodi chenye AI) walishaeleza kwamba wao wanatumia mti wa Merkle, hashi za mafaili zinazounganishwa ngazi kwa ngazi mpaka moja ya juu, wanalinganisha hashi ya juu, wanashuka pale tu palipotofautiana.

Halafu niambie, unakata vipande kwa idadi ya mistari? Maana ukikata hivyo, mtu akiongeza import moja juu ya faili kila kipande chini yake kinasogea, hashi zote zinabadilika, unalipia faili zima kwa mstari mmoja. Kata kwa fanksheni, tumia tree-sitter (zana inayosoma muundo wa kodi), na namba za mistari zisiingie kwenye hashi.

MzeeWaGrep:
Vijana mnapenda kujitesa. Ripgrep, zana ya kutafuta maneno ndani ya mafaili kama grep, inasoma diski ilivyo sasa hivi, hakuna cha kuchelewa. Claude Code, ejenti wa Anthropic, anatafuta hivyo hivyo kwenye mafaili bila kujenga embedingi. Repo ikiwa kubwa kupitiliza kuna Zoekt, injini ya kutafuta maneno kwenye kodi.

FundiWaMfumo:
Mama Backend ndiyo, tunakata kwa mistari 😅 nimekuelewa sana. Mzee shikamoo, tatizo repo yetu ina lugha mbili, waliotutangulia waliandika kokotoaAda na hakikiRisiti, waliokuja baadaye calculateFee. Ejenti akitafuta fee kwa grep, ada haioni.

MzeeWaGrep:
Marahaba. Basi hapo embedingi ina kazi, nakubali. Ila isimpe ejenti kodi, impe njia na jina la fanksheni tu, afungue faili mwenyewe kabla hajaandika chochote. Hashi ya faili isipolingana na iliyoko kwenye indeksi, jibu hilo lishushwe chini kwenye orodha na ejenti atafute kwa grep kwanza.

kobe_wa_git:
Na msisahau ejenti mwenyewe anahariri mafaili bila kukomiti, diff ya komiti haiyaoni hayo. Weka programu ya kuchungulia folda, kwenye Linux ni inotify, ila ruka node_modules (folda ya maktaba za watu wengine, mafaili yake ni mengi) maana kuna kikomo cha max_user_watches, idadi ya vitu vinavyoweza kuchunguliwa. Isubiri sekunde mbili tatu za utulivu ndo iindeksi, mtu akihama brenchi mafaili yanabadilika kwa mkupuo.

FundiWaMfumo:
Safi. Sasa Postgres iwe moja ya wote au kila mtu na yake?

Mama Backend:
Embedingi seva moja, orodha ya njia na hashi ikae kwenye mashine ya kila mtu. Vipande ambavyo havina faili usikimbilie kuvifuta, viache hata wiki kadhaa, maana mtu akirudi kwenye brenchi ya zamani utavilipia tena.