Euro 280 kwa mwezi Ujerumani kama au-pair, zinatosha kweli?

Binti_Tanga: Habari zenu wapendwa, mi nimepata familia karibu na Hannover nakaa nao mwaka mmoja kama au-pair, yaani naishi kwao nawaangalizia watoto huku najifunza lugha, watoto wawili wa miaka 3 na 6, mtihani wa A1, ile ngazi ya kwanza ya Kijerumani, nimeshafaulu pale Goethe Dar nasubiri viza tu. Swali langu ni hela. Mkataba unasema euro 280 kwa mwezi, nikipiga hesabu ni kama laki nane hivi, na huku mtaani laki nane ni hela ya maana, mama ameshaanza kusema nitamlipia mdogo wangu ada. Sasa mliokaa kwenye familia, hiyo hela inabaki au inaisha? Nauli, vocha, sabuni analipa nani? Naombeni ukweli jamani.

NipoKassel: Hongera mdogo wangu. Chumba na chakula hulipii, bima ya afya na ajali inalipa familia, na ada ya kozi ya lugha wanatakiwa wakuchangie euro 70 kila mwezi, hiyo ni mbali na 280 usikubali wazichanganye. Kinachokula hela ni usafiri, tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima sa hivi ni euro 63, ilivyoanza 2023 ilikuwa 49, kuna familia zinalipa na nyingine hazilipi kwa hiyo uliza KABLA hujasaini. Vocha weka kama 10. Losheni, pedi, mafuta ya nywele ni juu yako. Kusuka ndo usiseme, mi nilisukwa na dada mmoja Mkongo kwa euro 60 na hapo kanionea huruma, rasta nilikuja nazo.

Sasa hili la mama. Mwezi wa kwanza nilituma 150 nyumbani maana nilishaahidi, baridi ikaingia, raba nilizokuja nazo zikawa zinaloa kila siku, nasimama kituoni vidole sivisikii na mfukoni nina euro 4. Mama wa ile familia akaona naanika soksi juu ya hita kila jioni, akaniuliza, nikashindwa kujibu nikalia. Jumamosi akanipeleka kwenye soko lao la mitumba tukapata buti za euro 15. Usiku ule nikampigia mama nikamweleza yote mpaka bei ya mkate, akanyamaza weee, akasema mbona hukusema mwanangu. Toka hapo natuma 50, mwezi mwingine situmi. Wewe mwambie kabla hujapanda ndege.

Dada_Mkubwa86: Naongezea masaa ya kazi. Ni 30 kwa wiki, yasizidi 6 kwa siku, na kubaki na watoto usiku wazazi wakitoka yanahesabiwa pia. Familia yangu ya kwanza nilikuwa nagonga 45, nikawa naandika kila siku kwenye kidaftari, wakala alipokiona akanitafutia familia nyingine. Halafu jioni wanakula mkate na jibini, cha moto hamna, usidhani wanakubania ndo mlo wao.

Binti_Tanga: Asanteni sana dada zangu. Nimeongea na mama leo, kanuna kidogo ila kaelewa, na familia nimewaandikia kuhusu tiketi nasubiri jibu. Hivi sembe inapatikana huko?

NipoKassel: Ipo kwenye maduka ya Waafrika, bei imechangamka ila ugali wa Jumapili hukosi. Beba mwiko.