Stelingi imekuwa ngumu ghafla, fundi anasema pampu. Nimmalizie hela yake?

KijanaWaTegeta: Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka maana Jumamosi nina safari ya Korogwe na nimeshaahidi watu. Stelingi ya gari imekuwa ngumu ghafla, ilianza Jumapili nikiwa naipaki nyumbani, baadae ikawa nyepesi yenyewe, toka Jumatatu imegoma kabisa, kukata kona mpaka nitoe jasho kama naendesha trekta. Fundi anasema pampu ya pawa stelingi imekufa, anayo used, laki tatu na nusu na kufunga humo humo. Swali langu ni moja tu, bei hiyo ni halali au napigwa?

Mzee wa Kigogo: Upepo wa matairi umepima? Mimi nilikuwa na Carina, nikikata mpaka mwisho inalia nguuuu kama ng'ombe wa kuchinjwa, nikahangaika na mafundi wanne, kumbe pipe ya oil inavuja taratibu na mke wangu alikuwa analiona doa pale chini kila asubuhi anafagia tu ananyamaza. Nilipomuuliza akasema hukuniuliza.

Mama Kelvin: Korogwe si upande basi? Vijana mnapenda kuonekana na gari hata kama hela ya service hamna.

fundi_umeme: Gari gani, ya mwaka gani, na kwenye dashibodi kuna taa imewaka? Unauliza bei ya pampu gari hujataja.

KijanaWaTegeta: Ni Toyota ya kawaida tu mkuu, gari ndogo. Taa ya P/S (pawa stelingi) inawaka, fundi kasema itazima akishafunga pampu.

fundi_umeme: Toyota ya kawaida ndo ipi?

KijanaWaTegeta: Vitz new model ya 2006. Ila jamani tusitoke kwenye mada, advansi laki mbili nimeshampa na huyu fundi namwamini, gari za mtaa mzima anashika yeye.

fundi_umeme: Vitz hiyo haina pampu mkuu. Oil ya stelingi haina hata tone. Inatumia umeme, kuna mota imekaa kwenye nguzo ya stelingi chini ya dashibodi, sensa inasoma unazungusha kwa nguvu kiasi gani halafu kompyuta yake inaiambia mota isaidie. Umeme ukiwa mdogo inakata msaada, taa inawaka, mikono inabaki peke yake. Chukua mita, washa gari, pima kwenye betri. Ikisoma volti 13.5 mpaka 14.5 altaneta, ile inayochaji betri, iko sawa, chini ya 13 anza na altaneta. Umeme ukiwa sawa ndo ukapime kwa mashine ya kusoma hitilafu, ikitoa kodi C1511 hiyo ni ile sensa ya stelingi.

Bwana Ndizi: Laki mbili kwa pampu ambayo haipo 😂😂 Mimi ninayo ya baiskeli, njoo inbox.

KijanaWaTegeta: Sasa mbona oil aliongeza Jumatatu mbele ya macho yangu? Ile nyekundu. Na ikawa nyepesi kidogo.

fundi_umeme: Aliongeza WAPI?

KijanaWaTegeta: Kile kichupa cheupe upande wa dereva karibu na kioo. Alijaza mpaka juu.

Mzee wa Kigogo: Allah! Hicho si cha breki?

Sukari Guru: Hii ni chai wakuu, mnajaziwa vikombe. Fundi wa mtaa mzima hajui kichupa cha breki? Na oil iko kwenye breki halafu stelingi ndo ikawa nyepesi? Mtunzi hakujipanga.

KijanaWaTegeta: Nitunge ili nipate nini? Nina stress hapa we unaleta utani.

fundi_umeme: Iwe chai iwe maji, hiyo gari isitoke hapo. Stelingi ngumu utasukuma utafika, breki ndo hazina mbadala. Oil nyekundu inavimbisha raba za breki zote, kuanzia masta silinda, ile pampu ya breki chini ya hicho kichupa, mpaka kwenye magurudumu, na kumwaga peke yake haitoshi, raba zinabadilishwa. Fungua kifuniko cha hicho kichupa uangalie raba ya ndani. Gari ni yako?

KijanaWaTegeta: Ni ya shemeji. Yuko safari, anarudi Ijumaa. Tunapeleka posa ndo maana.

Mama Kelvin: Posa na gari ya kuazima 🙆🏾‍♀️ mwenyewe anajua lakini?

Bwana Ndizi: Kimya kimetawala.

KijanaWaTegeta: Nimerudi. Nimeshuka na tochi ya simu, raba ya kifuniko imevimba imejikunja kama sikio, nimejaribu kuirudisha haiingii, kifuniko hakifungi tena. Mita nimeazima kwa jirani fundi redio, gari ikiwa inaunguruma inasoma 12.1. Kumbe hata taa ya betri huwa inawaka kwa mbali, usiku ndo inaonekana. Fundi hapokei simu. Na shemeji ananipigia sasa hivi.

Sukari Guru: Nimefuta kauli.

Mama Kelvin: Pokea.