Mmewatoza watoto hela ya reitingi, reitingi iko wapi? Waandaaji wa lile shindano la chesi tujibuni

Wakuu, heshima zenu.

Nimelikalia hili jambo miezi mitatu nikijipa subira, nikidhani makaratasi yamechelewa tu. Jana ilikuwa tarehe mosi, orodha mpya ya reitingi, yaani namba rasmi za kiwango cha kila mchezaji, ya FIDE, shirikisho la chesi duniani, imetoka. Nimeifungua kwenye simu huku watoto sita wamenizunguka, na kwa mara ya tatu hakuna jina hata moja la kwao. Leo naandika.

Mimi najitolea kufundisha chesi shule moja ya msingi huko Mbagala, jioni mbili kwa wiki, chini ya mwembe, mvua ikinyesha tunahamia darasani. Tangazo la shindano lilizungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp: rika zote, raundi 5 kwa siku mbili, kila mchezaji dakika 60 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, na kwa herufi kubwa MATOKEO YATAHESABIWA KWENYE REITINGI YA FIDE. Mtoto 15,000, mtu mzima 25,000. Tulipouliza mbona kiingilio kimepanda hivyo, jibu likawa humo mna ada ya reitingi. Nikapita kwa wazazi nyumba kwa nyumba. Kuna mama anauza vitumbua, alinihesabia ile 15,000 kwa noti za elfu moja na sarafu, akaniuliza mara mbili, "Mwalimu, una hakika?" Nikamwambia nina hakika.

Kwa wasiocheza mchezo huu, nieleze hasira yangu inatoka wapi. Mtoto hapati reitingi kwa kucheza na watoto wenzake wasio nayo. Ili upate ya kwanza lazima ucheze michezo isiyopungua 5 na watu ambao tayari wanayo, na tangu Machi 2024 chini ya 1400 hauorodheshwi kabisa. Wenye reitingi hapa kwetu wengi ni watu wazima. Kwa hiyo shindano la rika zote, ambalo mtoto wa darasa la tano anakaa mbele ya mhasibu wa miaka 45, ndio mlango pekee walio nao hawa watoto hapa nyumbani. Mlango mwingine ni kumpandisha basi hadi Nairobi, na hapo unazungumzia pasi ya kusafiria, malazi na mtu wa kumsindikiza. Nani Mbagala anaweza hiyo?

Siku yenyewe tulitoka alfajiri, tukafika saa moja na nusu. Kuanza ilikuwa saa mbili. Tumeanza saa tano. Na kabla ya raundi ya kwanza mwandaaji akasimama akatangaza kwamba ukumbi kesho una shughuli nyingine, hivyo tutamaliza leo leo: raundi 7, dakika 20 na sekunde 5. Niliinua mkono nikauliza kuhusu reitingi. Akanijibu mbele za watu wote, "Hilo lisikusumbue mwalimu, pointi zitahesabiwa vilevile."

Haziwezi kuhesabiwa vilevile! FIDE wana orodha tatu: ya michezo ya kawaida, ya haraka, na ya blitzi, yaani ya haraka zaidi. Muda wanaupima kwa kudhani mchezo una hatua 60. Dakika 60 na sekunde 30 inakuwa dakika 90, huo ni mchezo wa kawaida. Dakika 20 na sekunde 5 inakuwa dakika 25, huo ni wa haraka, na unaingia orodha nyingine kabisa, tena kama shindano limesajiliwa hivyo kabla halijaanza. Nimekwenda kwenye tovuti ya FIDE, ambako mashindano ya kila nchi yanaonekana wazi kwa mtu yeyote. Hili halipo. Halipo kama la kawaida, halipo kama la haraka. Yaani ile ada ilikusanywa kwa kazi ambayo haikufanyika.

Sasa nisikilizeni la raundi ya nne, kwa sababu hili ndilo linaloninyima usingizi.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa darasa la tano, kapangwa na mtu mzima mwenye reitingi. Alimwamkia shikamoo, wakaanza. Kufika katikati ya mchezo yule baba akashika farasi wake, akamnyanyua kabisa, halafu akaona akimwondoa pale malkia analiwa. Akamrudisha, akasema "narekebisha." Binti akasimamisha saa, akainua mkono kama nilivyomfundisha. Sheria haina utata: ukishika kete kwa kukusudia unaicheza, na kama unataka kuiweka sawa unasema KABLA hujaigusa. Mwamuzi akaja. Huyo mwamuzi naye alikuwa anacheza kwenye shindano hilohilo, meza ya pili, kaacha mchezo wake ndio akaja. Hakumuuliza mtoto ameona nini. Hakuwauliza waliokaa meza ya pembeni. Akamwambia, "Mwanangu, mheshimu mkubwa wako, endelea kucheza."

Yule mtoto aliendelea. Alicheza huku machozi yanadondoka kwenye ubao, na akapata sare. Sare, na mtu aliyepaswa kupoteza malkia!

Jamani, mimi nimelelewa kwenye maadili na ndiyo ninayowafundisha. Ile shikamoo aliitoa. Lakini adabu ya mtoto haiwezi kugeuzwa kuwa ngao ya mtu mzima kurudisha kete aliyokwisha kuishika. Ukilipa kiingilio ukakaa kwenye ubao na mtoto wa miaka 11, nyinyi wawili mna sheria moja. Kama hilo linakuuma, usijiandikishe rika zote.

Siku ile huyu binti alikutana na watu 5 wenye reitingi, akapata pointi mbili na nusu kwao. Wengi wetu tumeanza na pungufu ya hapo.

Kuna waliokwisha kuniambia pembeni kwamba hili ni shindano dogo la mtaani, nisilikuze. Dogo kwa nani? Wengi hawapati reitingi ya kwanza kwenye Olimpiadi ya chesi, wanaipata kwenye kumbi hizihizi. Phiona Mutesi, yule mchezaji chesi wa Uganda, alianzia Katwe, Kampala, kwenye mazingira magumu kuliko haya, na mwaka 2012 alirudi na cheo cha chesi kutoka Olimpiadi ya Istanbul. Angefikaje huko kama waliomzunguka wangekuwa wanakusanya ada na kunyamaza?

Ninachotaka kwa waandaaji ni hiki. Semeni hadharani kama shindano lilisajiliwa au halikusajiliwa. Kama halikusajiliwa, rudisheni hela za watoto wote, siyo wangu sita tu, kulikuwa na watoto kutoka Temeke, Kinondoni na hata Kibaha. Toeni matokeo ya raundi zote 7, maana mpaka leo hatuna hata karatasi ya msimamo. Na shindano lijalo mwekeni mwamuzi ambaye hachezi.

Msiniambie niwatafute kwenye simu. Nimepiga, nimeandika, na wiki iliyopita nilipouliza kwenye grupu nikatolewa ndani ya dakika kumi. Stakabadhi sita ninazo, na tangazo lenu nimelihifadhi kama lilivyokuwa kabla hamjalifuta.

Wazazi na walimu wengine mliokuwepo siku ile, wekeni hapa mlilipa kiasi gani na mliahidiwa nini.